Ruta na Filamu ya Mtoto wa Tembo

Juu ya kabati la shule alikaa Ruta. Alikuwa kisanduku kidogo chenye taa za kijani na waya tele. Pip! Pip! Pip!

Kazi yake ilikuwa kupeleka habari kupitia waya hadi kwenye mashine za shule. Aliipenda mno kazi hiyo.

Siku moja Mwalimu Rehani alileta filamu ya mtoto wa tembo.

"Ruta, madarasa matatu yanasubiri," alisema. "Kengele ya kwenda nyumbani iko karibu. Usituangushe!"

Ruta akaipeleka filamu kwa kompyuta ya darasa la kwanza. Akarudi, akaipeleka darasa la pili. Akarudi tena. Lo! Akachemka, akahema.

"Mbona najitesa?" akasema Ruta. "Ngoja niimwage kila mahali!"

Akaimwaga kwenye kila waya.

Kra-kra-kra! Printa, mashine ya kuchapa karatasi, akaamka. Akatoa karatasi ya tembo. Akatoa ya pili. Akatoa ya ishirini!

"We Ruta!" akafoka Printa. "Nani amekuomba tembo?"

Ofisini, simu ya mwalimu mkuu ikalia kama tembo. Paaaa! Mwalimu mkuu akaruka kitini.

Waya zikajaa pomoni. Madarasani, filamu ikakwama.

"Tembo wetu yuko wapi?" watoto wakalalamika.

Maskini Ruta! Aliona haya mpaka taa zake zikafifia. Kumbe hakumuuliza mtu yeyote.

Basi akaacha kuimwaga, akauliza kwa sauti:
"Nani anataka? Aseme, 'Mimi!'"

"Mimi!" ikasema kompyuta ya darasa la kwanza.
"Mimi!" ikasema ya darasa la pili.
"Mimi, mimi!" ikasema ya darasa la tatu.

Simu kimya. Printa kimya, tena amenuna.

Ruta akatuma filamu moja tu. Ikaenda, ikaenda. Pale waya zinapoachana, ikajigawa: moja huku, moja kule, moja pale.

Madarasani, mtoto wa tembo kwenye filamu akajitosa majini. Chubwi! Akamrushia mama yake maji usoni. Watoto wakacheka hadi wakashika mbavu.

Ngr-ngr-ngr! Kengele ikalia. Watoto wakaenda nyumbani.

"Nani bado anataka? Aseme, 'Mimi!'" akauliza Ruta.

Kompyuta zote kimya. Zimelala.

"Mimi," ikasema sauti ndogo.

Alikuwa Printa!

"Si ulikataa?" akauliza Ruta.

"Nilikataa ishirini," akasema Printa. "Nataka mmoja tu, wa kulala naye."

Ruta akacheka, akamtumia tembo mmoja.

Kra. Karatasi ikatoka nusu. Printa akaishikilia hapo hapo mdomoni, akalala nayo.