Bakuli la Pili

Mbwa alikuwa mmoja, mabakuli yalikuwa mawili. Laiti Bi Funguo angeuliza palepale, mambo yasingefika yalikofika. Lakini mwenye nyumba alikuwa na haraka ya safari, na maneno yake siku hiyo yalikuwa matamu kupita kiasi.

"La kwanza mpe mbwa, uani. La pili liache mlangoni pa stoo. Ndivyo alivyozoea, mwanangu." Kisha akauliza tena, "Na bima yako ingali hai, eti?"

"Ingali hai, mama," alijibu Bi Funguo kwa kujidai. Jina hilo alipewa kwa sababu ya rundo la funguo za watu lililoning'inia kiunoni mwake. Kazi yake ilikuwa kutunza nyumba na wanyama wa wenye kusafiri, na bima ya kazi hiyo, ya kulipa madhara yakitokea, ndiyo iliyomfungulia mageti makubwa. Bila hiyo, hata paka wasingemwachia.

Mbwa alikula chake, akajikunyata mbali na stoo. Jioni, bakuli la pili lilikuwa tupu, kavu, lina joto, na pale mlangoni palinuka nywele zilizoungua. Akajisemea ni jua. Jua gani hilo la ndani ya korido? Kesho yake mchana kweupe, akiwa na ufagio mkononi, alisikia nyuma ya mlango wa stoo mtu akitafuna taratibu, na alipokohoa kule kutafuna kukakoma, halafu kitu kule ndani nacho kikakohoa, kwa sauti yake yeye mwenyewe.

Alitoka mbio. Siku iliyofuata alimlisha mbwa tu, lile bakuli jingine hakuligusa, akaona amemaliza maneno.

Aliporudi kwake alimkuta binti yake kasimama katikati ya chumba. "Mama, nani anatafuna nyuma ya mlango?" mtoto alinong'ona, na kabla mama hajajibu ile harufu ikajaa chumba kizima, na mtoto akanyoosha mkono wake mdogo ambao juu ya kiwiko ulikuwa na alama za meno, mstari wa juu na mstari wa chini, meno mengi kuliko ya mtu.

Bi Funguo alimpigia wakala wa bima.

"Nyumba ipi, dada?" wakala aliuliza. Alipoelezwa, akashusha sauti. "Ile ya mabakuli mawili?"

"Kumbe unajua?"

"Wewe ni wa tatu kunipigia. Kampuni hailipi mambo kama hayo. Mwenzako mmoja alisema kinamfuata aliyekilisha, hakimwachi mpaka mtu mwingine akilishe."

"Ukaniuzia bima ukanyamaza!"

"Ningesemaje? Wangeniona nimerukwa na akili."

Alimkatia simu. Damu ilimchemka. Hawa wote walijua, na mtoto wake ndiye aliyeng'atwa! Tangu hapo alijaza bakuli lile kila siku, analia kwa hasira, ili binti yake alale.

Mwenye nyumba aliporudi hakutaka hata kuvuka geti. "Niletee mbwa tu, mwanangu. Mimi nahama."

Bi Funguo alimletea bakuli limejaa. "Kakilishe."

"Jamani, usiniaibishe barabarani."

"Mwanangu ana alama za meno mkononi! Kakilishe wewe!"

"Si una bima?" mama yule alifoka, na machozi yakamtoka. "Ndiyo maana nilimtafuta mwenye bima! Niliona wewe utalipwa, mimi nani angenilipa? Ukinilazimisha, nitawaambia watu wa bima umemtesa mbwa wangu. Hutapata kazi tena."

"Waambie! Simu hii hapa, wapigie!" Bi Funguo alipaza sauti mpaka majirani wakachungulia. "Usipokilisha, hapa hatoki mtu."

Mwenye nyumba alilipokea bakuli. Aliingia nalo akiburuza miguu, na kutoka ndani kikasikika kikohozi, safari hii kwa sauti ya mama yule.

Kweli alimshtaki, na kampuni ikaifuta bima. Bi Funguo alirudisha funguo za watu zote, akabaki kufua nguo za majirani. Harufu haikurudi tena. Binti yake alilala, na hilo lilimtosha.

Mpaka mtunza nyumba mwenzake alipompigia simu kwa furaha. "Shoga, nimepata nyumba! Wakala wako wa zamani kanikatia bima juzi, jana akaniunganisha na mama mmoja. Yeye alisisitiza bima tu."

Bi Funguo alisimama. "Ana mbwa?"

"Mmoja."

"Mabakuli?"

Mwenzake akacheka. "Mawili. Umejuaje?"

"Usiliweke la pili! Unanisikia? Usiliweke!"

"Mbona nimeshaliweka," mwenzake alisema, na nyuma ya sauti yake, karibu kabisa na simu, mtu alikuwa akitafuna.