Gari Namba Tisa na Ngamia Wenye Kiu

Haya, sogeeni karibu. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Talaso ana miaka sita. Anakaa Chalbi, jangwani. Huko kuna mchanga, kuna upepo, na kuna uwanja wa mashindano ya magari. Uwanja wenyewe una umbo la yai.

Baba yake Talaso ni dereva wa mashindano. Gari lake ni la buluu, namba tisa. Kazi yake ni kulizunguka yai.

Vruum, vruum! Kushoto, kushoto, kushoto tena.

Baba hajawahi kushinda. Hata siku moja. Talaso anatamani sana baba ashinde, mara moja tu.

Na leo baba yuko mbele. Talaso alifikicha macho, akatazama tena. Namba tisa, mbele ya wote.

"Nyanya, baba yuko mbele."

"Namwona," akasema nyanya. "Anatimua vumbi."

Vruum, vruum! Kushoto, kushoto, kushoto tena.

Mara, kolo, kolo, kolo. Kengele za mti. Ngamia wakaingia uwanjani.

Leo ni siku yao ya kunywa maji. Njia ya kisimani inapita hapohapo. Ngamia hawakuambiwa habari za mashindano.

"Ngamia wa nani hawa?" akauliza Bwana Mwakio, msimamizi wa mashindano.

"Wetu," akasema nyanya.

Bwana Mwakio akainua bendera ya njano. Bendera ya njano ina sheria yake. Nenda polepole, usimpite aliye mbele yako.

Mbele alikuwa Dalacha, ngamia mkubwa wa kijivu. Dalacha alitakiwa kuvuka tu, aende zake. Lakini aliona lami nzuri. Akapinda kushoto.

Ngamia wote wakamfuata. Namba tisa ikawafuata ngamia. Magari yote yakaifuata namba tisa.

Kolo, kolo, kolo. Kushoto, kushoto, kushoto tena.

"Wasipotoka, navunja mashindano," akasema Bwana Mwakio. "Hatakuwepo mshindi."

Talaso akaingiwa na hofu. Nyanya akamgusa bega. "Wana kiu tu hao. Nenda ukawaimbie."

Kwa kina Talaso, ngamia huimbiwa kisimani. Wakisikia wimbo wa maji, huja. Watu nao wakiusikia, huacha walichoshika, wakaja kuteka maji. Ndivyo walivyolelewa.

Talaso akakimbia hadi kisimani. Akaimba kwa nguvu zote.

"Hoyo hoo, njoo unywe. Hoyo hoo, maji yako haya."

Dalacha akageuza shingo. Akatoka uwanjani. Ngamia wote wakatoka.

Na namba tisa ikatoka.

"Baba, si wewe," akasema Talaso.

Lakini baba alikuwa ameshausikia wimbo. Mikono yake ikapinda usukani yenyewe. Kulia.

Magari yote yakaja nyuma yake. Bendera bado ni ya njano. Hakuna kumpita aliye mbele.

Madereva wakashuka na helmeti zao kichwani.

"Hapa ni wapi?" akauliza mmoja.

"Kisimani," akasema baba. "Shika ndoo."

Akashika. Ndoo zikapita mkono kwa mkono. Chubwi, chubwi, chubwi. Ngamia wakanywa. Hawakusema asante.

Talaso akaanza kulia. "Nimekuharibia, Baba."

"Ngamia wamekunywa?"

"Wamekunywa."

"Basi futa machozi. Umeimba vizuri."

Bwana Mwakio akafika, anahema. "Nani amewaruhusu kutoka?"

Madereva wakatazamana. "Tumemfuata aliye mbele," wakasema.

Bwana Mwakio akafikiri sana. Sheria ni yake mwenyewe.

"Rudini," akasema. "Kwa foleni hiyohiyo."

Wakarudi. Bendera ya kijani ikapepea.

Vruum, vruum! Kushoto, kushoto, kushoto tena.

Namba tisa mbele. Namba kumi na mbili nyuma yake, karibu kabisa. Talaso akashika kichwa.

Kisha bendera ya mwisho ikapepea, ile ya miraba myeusi na myeupe. Namba tisa ikapita ya kwanza.

Halafu ikaendelea. Ikazunguka tena. Ikazunguka mara nyingine.

Madereva wengine walikuwa wameshasimama. Walikuwa wanakunywa soda. Baba bado anazunguka.

Vruum, vruum! Kushoto, kushoto, kushoto tena.

Talaso akasimama kando ya uwanja, pale anaposimama mshindi, pamoja na Bwana Mwakio. Akapunga mikono yote miwili. Gari likapunguza mwendo, likasimama.

"Baba, umeshinda. Mbona husimami?"

Baba akachungulia dirishani. "Nimeshinda?"

"Umeshinda."

Baba akatazama barabara tupu mbele yake. "Mbele yangu hakukuwa na mtu," akasema. "Nikadhani nimepotea njia."

Kisha akalia. Si sana. Alilia kwa furaha, ndani ya helmeti.

Talaso akaingia kupitia dirishani, akamkalia mapajani. Watu wakapiga makofi. Jua likazama taratibu. Talaso akalala fofofo.

Baba hakutaka kumwamsha. Akabaki hapohapo alipo, mahali pa mshindi.