Kitufe cha Akiba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tufaha alifagia uwanja wa mbele wa karakana ya baba yake, akanyunyiza maji ili vumbi lilale, kisha akatandika gunia chini na kupanga spana juu yake, kuanzia ndogo hadi kubwa. Baba yake, Fundi Soud, alitengeneza baiskeli na pikipiki katika nyumba yao ya zamani mjini Tabora. Watu walimletea vyombo vyao hata kutoka Kigwa.

Zamani, Fundi Soud akiwa amelala chali kando ya pikipiki, alinyoosha mkono tu na kusema, "Tufaha, namba kumi!" Tufaha alimwekea spana kiganjani bila kukosea. Siku hizi mkono ulikuwa uleule, ila jina lilikuwa jingine.

"Imakulata, namba kumi!"

Imakulata alikuwa binti wa Mzee Damas, mrina asali wa Kwihara. Shule ya kijijini kwao iliishia darasa la nne. Wakati huo watu wa Kwihara walikuwa wakilima shamba la ujamaa na kufyatua matofali ya zahanati yao; madarasa ya juu yalikuwa bado. Imakulata alipofaulu kuingia darasa la tano, Mzee Damas alimwomba rafiki yake Soud amkaribishe mtoto huyo nyumbani kwake. Fundi Soud hakusita. Tangu hapo wasichana hao wawili, Imakulata na Tufaha, walisoma darasa moja na kulala kitanda kimoja.

Bibi Thuraya, mama yake Fundi Soud, ndiye aliyemlea Tufaha tangu mama mzazi wa mtoto huyo alipofariki. Bibi huyu hakusema sana, lakini aliona mengi. Aliona kwamba mawingu yakitanda, Imakulata huanua viatu vya Tufaha kwanza, ndipo akumbuke vyake. Aliona kwamba siku za Jumapili Imakulata akitoka kanisani na kupewa kipande cha muwa njiani, humletea Tufaha nusu yake.

Tufaha hayo hakuyaona. Yeye aliona tu kwamba mgeni ameshika spana zake. Jambo lililomchoma zaidi ni neno moja.

"Baba, nati hii imelika," Imakulata alisema siku moja akiwa amechuchumaa kando ya fundi.

Jioni ile Tufaha alimsubiri kisimani. "Baba yako yuko Kwihara anarina asali," alimwambia. "Huyu ni baba yangu mimi."

Imakulata aliweka ndoo chini. "Basi nimwiteje?"

"Mwite Fundi, kama wateja wanavyomwita."

Kesho yake Imakulata alisema, "Shikamoo, Fundi." Fundi Soud aliangua kicheko. "Marahaba! Leo nimekuwa fundi? Au unataka nikutengenezee baiskeli?" Imakulata alitabasamu kidogo tu, akatazama chini. Tufaha alijifanya anapanga spana.

Juma lile alifika Nesi Bernadeta, anayezungukia vijiji kuwachanja watoto. Alikuwa na pikipiki ya serikali inayowaka kwa kitufe. Ilikuwa pia na kiki ya kuwashia kwa mguu, lakini goti lake la kulia liliumia zamani alipoanguka darajani, na kiki ilimshinda kabisa.

"Fundi, kitufe hiki kina deko," alilalamika. "Leo kinakubali, kesho kinagoma. Juzi nimesimama Ntalikwa mpaka wakatokea vijana wa kunisukuma. Wakanicheka wee! Wakasema nesi anawachoma watu sindano, sasa ni zamu yake kuhangaika."

Fundi Soud alikifungua kitufe, akatikisa kichwa. "Vyuma vya ndani vimekwisha, Dada Bernadeta. Kipuri chake hakipo hapa, wala sijui kitafika lini. Nitakuwekea kitufe cha pili cha akiba. Cha kwanza kikigoma, unabonyeza cha pili, safari inaendelea."

Alitoa kitufe cha honi kwenye pikipiki mbovu iliyolala nyuma ya nyumba. Akawaita watoto wote wawili, akawaonyesha.

"Tazameni. Waya unatoka kwenye betri, unapita kwenye kitufe hiki, unakwenda kwenye swichi ya stata, mota ya kuzungusha injini. Haupiti kwenye ufunguo. Kwa hiyo kitufe lazima kirudi chenyewe ukiondoa kidole. Kikinata, stata itazunguka hata ukizima ufunguo. Mmenielewa?"

"Tumeelewa," walijibu.

"Tena mvua zimeanza, maji yasiingie. Tutazungushia nta ya nyuki na kufunga mpira wa tyubu juu yake. Imakulata, wewe una vidole vyembamba, utafunga waya na kupaka nta. Tufaha, nenda jikoni ukaitayarishe."

Jikoni! Mtoto wa mwenye karakana anapelekwa jikoni, na mgeni anabaki kwenye pikipiki.

Kutayarisha nta ni kazi ya subira, na kila mtoto wa Tabora mwenye jamaa anayerina asali anaijua. Masega huchemshwa kwa maji mpaka yayeyuke, yakachujwa kwa kitambaa, yakaachwa yapoe. Nta huganda juu, na asali yote iliyosalia hubaki kwenye maji. Kisha huchemshwa na kuchujwa tena, mpaka iwe safi, isiyonata mkononi.

Tufaha alitazama masega ambayo Mzee Damas aliwaletea. Bado yaling'aa kwa asali. Kupitia mlangoni alimwona baba yake ameinama na Imakulata, vichwa vyao vikikaribiana, wakicheka jambo fulani.

"Acha kazi yake ionekane mbaya," alijisemea. "Mara moja tu, ili Baba ajue."

Hakuwasha moto. Aliyaweka masega juani, yakalainika, akayakanda kwa mikono mpaka yakawa donge la rangi ya kahawia, akaliviringisha kwenye jani la mgomba na kulipeleka.

"Umefanya upesi!" Imakulata alisema. "Ahsante, dada." Akapaka lile donge kuzunguka kitufe na kufunga mpira juu yake. Nesi Bernadeta akabonyeza, pikipiki ikanguruma. Alifurahi hata akawapa watoto maandazi aliyokuwa amejifungia kwa ajili ya safari. Tufaha alishindwa kulimaliza lake.

Siku chache baadaye, wakati wa adhuhuri, mkokoteni wa ng'ombe ulisimama mbele ya karakana. Mwenye mkokoteni, Mzee Ngollo, alikuwa amepakia pikipiki ya nesi. Nesi Bernadeta alishuka taratibu, matope mpaka magotini, chupa ya barafu mkononi.

"Kulikoni, dada yangu?" Fundi Soud alikimbilia kumpokea.

"Nilikuwa nakwenda Kwihara na dawa ya chanjo. Njiani nikasimama kumpa maji mzee mmoja. Kitufe cha kwanza kikagoma, nikabonyeza cha akiba. Injini ikashika, lakini kitufe hakikurudi! Stata ikalia kama mbuzi anayechinjwa, nikazima ufunguo, wapi! Ikalia mpaka betri ikafa. Nimekaa juani mpaka barafu ikayeyuka. Dawa imeharibika yote." Sauti yake ilipungua. "Kina mama wamenisubiri na watoto wao tangu asubuhi. Wengine wametoka mbali, wamerudi bure."

Fundi Soud alifungua mpira. Sisimizi walimwagika wakakimbia huku na huku. Jua lilikuwa limeyeyusha asali, nayo ikaingia kwenye kitufe, ikashika vumbi na kuwa gundi.

"Imakulata," aliita polepole, "ni nani aliyepaka hapa?"

Imakulata alisogea, akagusa ile nta, akainusa. Mtoto wa mrina asali hawezi kukosea harufu ya sega bichi. Aliinua macho akamtazama Tufaha mara moja tu, kisha akayashusha.

"Ni mimi, Fundi. Nilipaswa kuinusa kwanza. Sikuinusa."

Fundi Soud aliutupa ule mpira kando. Alikuwa ameona aibu mbele ya nesi. "Basi kwa sasa usiguse tena vyombo vya watu," alisema. "Kazi hii watu wanaiamini kwa maisha yao."

Imakulata aliitikia kwa kichwa. Akafuta mikono yake kwenye kitambaa, akakikunja vizuri na kukiweka mahali pake, kisha akaingia ndani.

"Tufaha, namba kumi," baba alisema.

Hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri kwa miezi. Alimpa spana, kisha akageuka kuangalia nyumba. Kupitia dirishani alimwona Imakulata akikunja nguo zake na kuzitia kwenye kikapu.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza.

"Jumamosi Baba akileta asali, nitarudi naye Kwihara. Fundi hana kazi na mimi tena. Sitaki kula chakula chenu bure."

"Na shule?"

Imakulata alivuta kikapu karibu. Alikuwa anahesabia madaftari kikapuni, na kalamu yake nzuri aliiacha juu ya mto wa Tufaha.

Tufaha alikimbilia jikoni. Bibi Thuraya alikuwa amekaa kwenye kigoda akiosha vyombo. Bibi alishika sufuria kuukuu, akaigeuzageuza mbele ya mwanga.

"Sufuria hii ya nta umeisugua vizuri mno, mjukuu wangu," alisema kwa upole. "Mimi hunishinda. Nikichemsha nta, utando wa njano hubaki pembeni mwezi mzima. Ulisugua kwa kitu gani?"

Tufaha alifungua mdomo, lakini machozi yalitangulia. "Sikuchemsha, Bibi. Sikuwasha hata moto. Nilimwonea wivu."

Bibi hakumkaripia. Alimfuta machozi kwa pindo la mtandio wake, akasema, "Mimi umeniambia. Sasa mwenye kuhitaji kuyasikia yuko nje."

Kutoka jikoni hadi karakana hakukuwa mbali, lakini kwa Tufaha njia ile ilikuwa ndefu. Alisimama mbele ya baba yake na Nesi Bernadeta, akaeleza yote: masega, jua, donge alilolikanda, na maneno aliyojisemea. Hata neno alilomwambia Imakulata kisimani hakulificha.

Fundi Soud aliweka spana chini. "Ulisikia nilivyosema kuhusu kitufe kunata?"

"Nilisikia, Baba."

"Ukatoa nta ile hata hivyo."

"Ndiyo, Baba. Kwako nilikuwa mimi tu. Alipokuja yeye, hukuniita tena."

Baba alimtazama kwa mshangao. "Kumbe? Tufaha, siku ya Idd ulilia kwa sababu ya grisi iliyoingia kwenye kucha zako. Ukasema wenzako wamekucheka. Nikasema moyoni, mwanangu amekua, nisimchoshe na mafuta machafu. Ndiyo maana nikaacha kukuita."

Tufaha alitazama kucha zake. Siku ile ya Idd alikuwa ameisahau kabisa.

"Nilipaswa kukuuliza, nami sikukuuliza," baba aliendelea. "Hilo ni langu. Lakini dawa iliyoharibika na kosa alilobeba mwenzako ni lako, na utalitengeneza."

Alimwita Imakulata, akamwomba radhi mbele ya watu wote, mtu mzima kwa mtoto. Imakulata aliona haya mpaka akajificha uso kwa kiganja.

Mchana ule Tufaha aliwasha moto. Alichemsha masega, akachuja kwa kipande cha kanga, akaacha yapoe, akachemsha tena. Moshi ulimuuma macho. Nta ilipoganda, alimpelekea Imakulata. Imakulata aliivunja, akainusa, akaibana kati ya vidole.

"Bado ina asali kidogo," alisema.

"Kweli, au unanikomoa?"

"Nakukomoa kidogo," Imakulata alijibu, na wote wawili wakacheka. "Iko safi, dada."

Fundi Soud aliosha kitufe kwa petroli, akakikausha, akakijaribu tena na tena. Kila kidole kilipoondoka, kitufe kilirudi. Safari hii alimpa Tufaha kazi ya kupaka nta, na Imakulata ya kufunga mpira.

Nesi Bernadeta alipopata dawa nyingine na barafu mpya, ilikuwa Jumamosi. Watoto walitangulia Kwihara pamoja na Mzee Damas. Walipita nyumba hadi nyumba, Imakulata akiwaamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!", na Tufaha akisema mwenyewe, "Samahani, mama. Juzi mlisubiri bure kwa sababu yangu. Leo nesi anakuja." Mama mmoja alimtazama kwa ukali, mgongoni amembeba mtoto anayenyonya kidole. Kisha akampa kibuyu cha maji. "Kunywa kwanza, umetembea na jua," alisema.

Haukupita muda, pikipiki ilisikika ikija. Nesi aliizima, akaipaki kivulini mwa ukuta wa zahanati mpya. Kazi ilipokwisha, kitufe cha kwanza kiligoma kama kawaida yake. Alibonyeza cha akiba. Injini ikashika, kitufe kikarudi, na watoto waliotoka kulia kwa sindano wakapiga makofi.

Jioni nyumbani, Bibi Thuraya aliwaketisha wote wawili kwenye mkeka, kila mmoja upande wake.

"Tufaha, mapenzi ya baba yako si ugali wa sahani moja, kwamba mwenzako akimega, tonge lako linapungua," alisema. "Wivu ulikuonyesha mkono wa Imakulata ukishika spana, ukakuficha mkono uleule ukiokota viatu vyako mvuani. Ukihisi umesahauliwa, sema. Usiharibu kazi ya mwenzako, kwa maana hujui ni nani anayeisubiri huko mbele ya safari."

"Nimesikia, Bibi," Tufaha alisema. Akatoa ile kalamu nzuri, akairudisha kwenye mfuko wa Imakulata.

Asubuhi iliyofuata, Fundi Soud alikuwa amelala chali kando ya pikipiki ya mteja. Alinyoosha mkono bila kutazama.

"Namba kumi!" alisema, na hakutaja jina.

Spana ilikuwa upande wa Tufaha. Aliichukua, akampa Imakulata, akamnong'oneza sikioni. Imakulata akaiweka kwenye kile kiganja cheusi kwa mafuta.

"Hii hapa, Baba."