Wariara wa Mashuani

Pasaka ya 1959, rafiki yangu Wariara alienda na wenzake kustarehe kisiwani, Ziwa Naivasha. Baada ya kula akaingia kwenye mafunjo kuokota kuni za chai. Humo mlikuwa na giza ingawa ni mchana. Mara upepo ukabadilika, akasikia mwenye mashua akiwaita wapande.

“Mmetimia?” akauliza mwenye mashua.

Hakuna aliyehesabu, maana kwao watu hawahesabiwi kama mbuzi.

“Wariara, umeingia?” aliuliza Njoki, aliyelala naye kitanda kimoja bwenini miaka minne.

“Nimeingia,” ikajibu sauti ya Wariara kutoka mashuani.

Wariara akatupa kuni, akakimbia. “Njoki! Niko huku!”

Makasia yakasimama.

“Msigeuke,” ikasema ile sauti yake kutoka mashuani.

“Sawa, Wariara,” akasema Njoki, na makasia yakaanza tena.