Watu wa Myrkholt

Reykjavík baraza halikai mkekani. Hukaa ndani ya maji moto, wazee na vitambi vyao, theluji ikiwaangukia utosini. Jumamosi moja bwawa lilifurika, na Ragnheid, mwenye vazi jekundu la kuogelea na kofia ya sufu, alipoingia tu akamkanyaga mwanamume mwenye ndevu za shaba.

"Dada, huo mguu nilikuwa bado nautumia."

"Basi uandike jina."

"Jina lake Hallbjorn. Na wewe, watu wa nani?"

Swali hilo huko ni salamu, haliepukiki. "Watu wa mama yangu," Ragnheid akajibu. Wazee wakacheka, na waliokuwa hawasikilizi wakaanza kusikiliza.

Hakutaka kusema Myrkholt. Ukoo ule ulitoa vichwa vya ajabu, kisha ukavipasua. Kaka yake Styrmir alikuwa akiwasahihisha maprofesa kabla hajaota ndevu. Sasa yuko hospitali, anabishana na dirisha, na dirisha linashinda. Ragnheid alifundisha hesabu chuo kikuu, na kwa akili alimpita Styrmir. Hapo ndipo hofu yake ilipolala. Na tangu majani yapukutike, nyuma ya ukuta wa chumba chake kitu kilikuwa kikivuma.

Ragnheid na Hallbjorn walipendana haraka, kama watu wenye baridi. Alipobanwa sana na mabusu, akataja Myrkholt.

Asubuhi Hallbjorn akampigia bibi yake, kama wafanyavyo wapenzi wa kule wasije wakaoana ndugu. Bibi ni kiziwi, simu ilipaza sauti jiko zima:

"Myrkholt? Wale wenye akili mpaka zikamwagika? Mjukuu wangu..."

Ragnheid alikuwa keshafika ngazini, koti mkononi, viatu havijafungwa.

Hallbjorn alipiga, akapiga tena. Simu ikatetema mezani kama nzi ndani ya glasi. Haikupokelewa.

Lakini mwili uliozoea maji moto haujui kununa. Siku moja Ragnheid akarudi bwawani, akamkuta, ndevu zimeganda barafu.

"Umekuja kunikanyaga na wa pili?"

"Wewe umekuja kunipima kichwa?"

"Mpenzi, uliondoka bibi hajameza mate. Alimalizia hivi: 'Mjukuu wangu, na sisi ndiko tulikotoka. Mama yangu alizaliwa Myrkholt, alikuwa akiwatungia kondoo mashairi, tukamficha.' Na mimi miaka yote naambiwa mababu zangu walikuwa wavuvi wajinga."

"Kwa hiyo sisi ndugu?"

"Wa mbali. Busu linaruhusiwa."

"Na watoto, Hallbjorn?"

"Wakizaliwa werevu tutawasamehe. Nioe, Ragnheid, mimi sina haya."

Ragnheid akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Unausikia? Ule mvumo. Kama nyuki ukutani. Umenifuata mpaka hapa."

Hallbjorn akainamisha sikio juu ya maji, akasikiliza sana. Angeweza kusingizia mabomba.

"Siusikii," akasema. "Niimbie."

Ragnheid akauimba, chini chini. Naye asiyeusikia akaupokea.