Upepo wa Gurudumu la Nyuma

Haya yalimpata Malith, jamaa yangu wa Kakuma, na mpaka leo hapendi kuyarudia. Yeye na Ejore wa Lodwar walikuwa wakizunguka ufuko wa Ziwa Turkana kwa baiskeli, wakitaka kufika Kalokol kabla ya giza. Mchanga ulikuwa ukimeza magurudumu, jua likichoma, na Malith alikuwa amepata pancha nyingi mpaka amechoka kutukana.

Kwenye pancha ya mwisho aliona ekicholong kando ya rundo la mawe: kile kigoda kidogo ambacho wazee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukifanya mto usiku. Akakikalia, akaziba tyubu, kisha akakifunga kwa kamba kwenye keria, nyuma ya kiti, aende nacho.

“Hiyo wacha,” Ejore alisema. “Iko na mwenyewe.”

“Mwenyewe ako wapi?”

Ejore aliyatazama yale mawe, yaliyorundikwa kama ya kaburi, akapanda baiskeli yake, akatangulia.

Giza lilipoingia, Malith alisikia upepo ukivuja nyuma yake: fsss. Akashuka akilaani, akabonyeza tairi. Lilikuwa gumu kama jiwe. Akapanda, akaendesha kidogo. Fsss. Akashuka tena, hasira zimempanda, akainamisha sikio gizani. Upepo ulitoka polepole, ukatulia, halafu ukavutwa ndani tena.

Pancha hairudishi upepo.

Alipapasa kamba, akaifungua ili akitupe kile kigoda. Pale kinapolazwa kichwa palikuwa na uvuguvugu, pameloa jasho.