Folda Aliyoiruka Yaling

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Yaling alivua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta, akavaa ndara, akafagia. Kisha aliipangusa paketi ya kijani ya vitafunio vya mahindi iliyokaa juu ya kompyuta kubwa. Paketi ile hailiwi. Pale Tainan, jiji la Taiwan, watu huiweka ili mashine iwe na adabu, isigome, na tarehe yake ikipita, hubadilishwa haraka. Yaling alikuwa kiongozi wa klabu, na alijiona kwelikweli.

Siku ya kupeleka majina ya mashindano ya jiji, Mwalimu Chiu alimwambia, "Yaling, hakikisha kila mmoja ameweka kazi yake. Majina yakishaenda, hayaongezwi."

Yaling alifungua skrini nyeusi, akaandika amri ya kutafuta na neno "mashindano", ambalo kila mmoja alitakiwa kuliweka mwanzoni mwa kazi yake. Amri ile hupita folda moja baada ya nyingine na kutaja kila faili lenye neno hilo. Kufumba na kufumbua majina yakajipanga. La Hungwen halikuwepo.

"Dada Yaling, nimeweka! Naapa, nimeweka tangu juzi!" alisema Hungwen. Alikuwa mgeni shuleni, ametoka visiwa vya Penghu, na mama yake alikuwa ameshaomba ruhusa kiwandani ili avuke bahari aje kumwona akishindana.

"Umeweka wapi? Tumboni?" Yaling alimuuliza. Watoto wakaangua kicheko.

"Labda kala paketi, kompyuta ikamnunia!" alidakia mmoja.

Yaling aliishika paketi, akasoma tarehe. Ilikuwa bado haijapita. Basi, akakata shauri, mashine haina kosa. "Mwongo mkubwa wewe! Mwalimu, Hungwen hajafanya kazi." Harufu ya wali na nyama ilikuwa imeshaingia dirishani, naye njaa inamuuma. Jamani, njaa na kiburi vikikutana! Majina yakapelekwa.

Hungwen hakugusa chakula. Saa ya kulala mchana, wenzake walipoinamisha vichwa juu ya madawati, yeye alilia kimyakimya.

Yaling alimsikia, usingizi ukamruka. Hapo akakumbuka somo la Mwalimu Chiu: folda ambayo jina lake linaanza na nukta ni ya kufichwa, na amri huiruka mpaka uiambie isiache kitu. Alilijua hilo, ila hakujisumbua. Wakati wa usafi alirudi kwenye kompyuta, akaandika amri upya, safari hii akaiambia isiache kitu. Faili la Hungwen likatokea ndani ya folda yenye nukta, kazi nzima, safi kabisa. Angeweza kulifuta, na nani angejua? Alilitazama kwa muda, kisha akaenda kumwita mwalimu.

"Mbona uliificha kazi yako?" Mwalimu Chiu alimuuliza Hungwen.

"Ile ya kwanza wenzangu waliifuta," alijibu bila kuinua macho. "Wakacheka."

Mwalimu aliwapigia simu waandaaji. Wakakataa. Yaling akasema atajitoa, Hungwen achukue nafasi yake. Hilo nalo wakalikataa katakata. Mwalimu akampigia mama yake Hungwen, akamkabidhi Yaling simu.

"Mama yake hajui. Mweleze wewe mwenyewe."

Yaling alieleza yote. "Nisamehe, mama. Kompyuta ndiyo ilisema hakuna kitu."



"Kompyuta ilisema haijaona, binti," mama alijibu taratibu. "Neno mwongo umelitoa wewe. Mtu akikwambia amefanya, tafuta mpaka mwisho kabla hujamwaibisha mbele za watu. Kuomba radhi umefanya vizuri, lakini safari yangu imeshakufa. Haya, nipe mwanangu."

Hungwen aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "usihangaike kuja."